Bao Lisilouliza Neno

Mwaka tuliomaliza chuo cha kompyuta, mimi na rafiki yangu tulitengeneza mchezo wa bao. Mimi niliandika programu, yeye alichora mashimo, kete, na babu mwenye kofia anayekucheka ukishindwa. Tulifanyia kazi kwao, ghorofa ya tatu, Mchafukoge.

Enzi hizo Kariakoo nzima ilicheza michezo ya kunakili, na sisi wenyewe ndiyo tuliyojifunzia. Lakini wetu nilitaka uwe salama. Ukiufungua, ulikuuliza neno fulani kutoka kwenye kijitabu kilichouzwa pamoja na CD. Kijitabu tulikichapa kwenye karatasi ya rangi ya damu ya mzee, ili mashine ya fotokopi itoe weusi mtupu. Nakala moja tu haikuwa na kufuli hilo. Nilimpa yeye, ajaribie michoro yake bila usumbufu.

Wiki ya tatu tangu tuanze kuuza, niliukuta mchezo wetu Mtaa wa Msimbazi, kwenye meza ya muuza CD, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino.

"Chukua huo, dada," muuzaji akaniambia. "Hausumbui. Hauulizi maneno."

Nikanunua mchezo wangu mwenyewe. Nilipouweka kwenye kompyuta, babu wa kofia alitokea moja kwa moja.

Nilipanda ngazi za kwao na ile CD mkononi.

"Watakuwa wamevunja kufuli," rafiki yangu alisema.

"Hawajavunja. Halipo kabisa. Hii ni nakala yako."

Machozi yakamtoka. Alisema alimwazima binamu yake, na binamu akamzunguka. Nilimbembeleza mimi. Hakuna aliyenunua wetu tena, tukauacha, kila mtu akatafuta ajira. Urafiki ulibaki.

Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu alinionyesha mchezo wa bao kwenye simu yake. Nilimtambua babu kabla hajacheka. Chini palikuwa na maneno kwamba haki zote zimehifadhiwa, na jina la mtu mmoja. Si langu.

Nikampigia rafiki yangu.

"Jina langu liko wapi?"

"Wewe si uliacha?" Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mimi nimeufufua, nikausajili, cheti ninacho. Ukitaka nitakuweka kwenye shukrani."

"Baada ya yale ya binamu yako, unanifanyia na hili?"

"Binamu gani?"

Alishtuka baada ya kuuliza, nilimsikia akivuta pumzi. Miaka yote ile nilikuwa nimemchukia kijana ambaye hakuwahi kuwepo.

Nimepeleka pingamizi kwenye ofisi ya hakimiliki, pamoja na kurasa za programu nilizoandika kwa mkono. Bado wanalishughulikia. Karani aliyenijazia fomu aliniuliza huyu ninayemlalamikia ni nani kwangu.

"Tulisoma chuo kimoja," nikamwambia, naye akaandika hivyo.