Tulikwenda Kuiona Dhahabu

Saa moja na dakika saba asubuhi simu yangu iliita. Mke wangu alikuwa bado kwenye maegesho ya nyumba ya wazee kule Maplewood, alikokuwa akifanya kazi ya usiku. Zamu ilikuwa imekwisha, gari linanguruma, na yeye hawezi kuliondoa.

"Goti limekataa," alisema. "Nikikanyaga breki mguu unatetemeka. Njoo unichukue, na usije na maswali."

Nilikwenda na gari langu, lake tukaliacha palepale kwenye theluji. Tulikuwa tumefika darajani, karibu na kwetu Brooklyn Center, aliponigeukia.

"Zile pesa za Coon Rapids," akasema, "zinaweza kunitoa kwenye kazi hii?"

Pesa za Coon Rapids zilikuwa akiba yake ya kustaafu. Alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya mji huo miaka kumi na moja, akiwainua na kuwaogesha wagonjwa, na alipohama aliziacha kwenye akaunti ileile ya hisa. Soko la hisa lilipoporomoka zilipungua karibu nusu, kisha zikajikokota kupanda. Asubuhi ile zilikuwa dola 41,380. Yeye alikuwa na miaka hamsini na sita na nusu. Kama angezitoa kabla ya kufika hamsini na tisa na nusu, angetozwa faini juu ya kodi. Daktari alikwisha kumwambia kwamba goti lingehitaji kubadilishwa, na kwamba baada ya upasuaji asirudi kuinua watu. Tukakubaliana: avumilie miaka mitatu, kisha pesa hizo zimvushe miaka miwili na nusu iliyobaki hadi pensheni ya serikali. Mshahara wangu ungelipa nyumba. Mimi natengeneza vitanda na mashine ndogo za hospitali.

Tulichoogopa ni soko kuporomoka tena katikati ya miaka hiyo mitatu. Shule niliishia kidato cha nne, na mengine nimejisomea mwenyewe, kalamu mkononi. Nilikwenda maktaba kila Jumamosi na kusoma nilichoweza kupata juu ya hisa, hati fungani za serikali na dhahabu. Wakati huo redio ya gari haikuwa na tangazo jingine ila la dhahabu. Nikapiga simu. Mwanamume aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, na alieleza kwamba akiba inaweza kuhamishwa bila kodi wala faini, zinunuliwe sarafu za dhahabu, nazo zikae ghalani kwa jina la mke wangu.

Nilipomweleza, mke wangu alicheka.

"Profesa, unataka kuninunulia ploti nyingine?"

Ploti ya kwanza, kipande cha shamba, tuliinunua Kenya tukiwa hukuhuku ughaibuni, kwa picha na ahadi. Kaka yake alipokwenda kuikagua alikuta ua wa mtu mwingine na mbuzi wamelala kivulini. Hatukupata hata senti. Tangu hapo tulikuwa na sheria moja nyumbani: hatulipii kitu ambacho mmoja wetu hajakikanyaga.

Kwa hiyo niliichunguza dhahabu ile jinsi mtu anavyochunguza shamba. Niliuliza ghala liko wapi, nani ana ufunguo, na kama sarafu zitatengwa au zitachanganywa na za wengine. Nilipiga simu ghalani mwenyewe, kwa namba niliyoitafuta mahali pengine, si ile niliyopewa. Niliomba orodha ya kila sarafu. Yule muuzaji hakuchoka. Alisema angefurahi wateja wote wangekuwa kama mimi, na sasa naelewa kwa nini.

Ghala huonyesha sarafu kwa mwenye nazo tu, kwa hiyo mara hii tulilipa kwanza, tukaahidiana kwenda kuziona. Kiangazi kilipofika tuliomba likizo tukaendesha gari siku mbili hadi jimbo lilipo ghala. Walitupokea kwa miadi. Tulikaguliwa mifuko, simu zikawekwa kando, tukaketishwa kwenye chumba chenye meza moja na taa kali. Mlinzi akaleta trei. Zilikuwa sarafu kumi na nane, kila moja ndani ya kasha lake, zimeng'arishwa hata ungeweza kujiona. Mke wangu alizihesabu kwa kidole bila kugusa, akarudia. Kisha akavuta kiti karibu, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, pande mbili za trei. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyosimama katikati ya shamba jipya ili wapigwe picha, ila hapa picha hazikuruhusiwa.

"Angalau hapa hakuna mbuzi," alisema kwa Kiswahili. Mlinzi alidhani anaomba kitu, akamletea maji.

Tulirudi tumetulia. Bei ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuanza kushuka, na iliendelea kushuka. Tuliambiana kwamba ipo, tumeiona, itapanda. Yeye aliendelea kuinua watu, goti limefungwa bandeji chini ya suruali ya kazi. Akiulizwa kanisani hali yake, alijibu kwamba ana dhahabu inamngoja, na watu walidhani anazungumzia mbinguni.

Alipotimiza hamsini na tisa na nusu nilipiga simu kuuza. Yule mwenye sauti ya upole hakuwepo tena. Nilipewa kijana wa idara ya ununuzi.

"Dola 1,140 kwa kila moja," alisema.

"Tulizinunua 2,250."

"Ndiyo, bwana. Hizo ni za wakusanyaji wa sarafu, wanaolipia mng'aro na uadimu. Tunauza kwa bei ya wakusanyaji na kununua kwa bei ya dhahabu."

"Hilo liliandikwa wapi?"

Alinitajia ukurasa wa mkataba. Nilikuwa nao mezani, na nilikuwa nimekwisha kuupigia mstari kila mahali palipotaja ghala.

Nilizipigia kampuni nyingine mbili, zikatoa pungufu ya hapo. Kisha nilikaa nikafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa mwanzo. Siku tuliyonunua, dhahabu iliyokuwa ndani ya sarafu moja ilikuwa na thamani ya dola 1,650 hivi. Ile mia sita ya ziada, mara kumi na nane, ilikuwa imekwisha kupotea kabla hatujawasha gari kwenda kuiona. Tuliikagua dhahabu kama watu walioibiwa shamba hewa, na haikuwa hewa. Ilikuwepo yote, kwa jina la mke wangu, mahali walipotuambia. Katika maswali yangu yote sikuwahi kuuliza: nikirudi kesho na sarafu hii, mtanipa ngapi?

Mke wangu alisikiliza akiwa ameketi kitandani, kiatu kimoja cheupe cha kazi mguuni na kingine mkononi.

"Kwa hiyo hakuna aliyetuibia," alisema.

"Hakuna wa kushtaki."

"Na kile kilichobaki kitanivusha miaka miwili na nusu?"

"Mwaka na miezi michache. Baada ya kodi, pengine mwaka tu."

Alivaa kiatu cha pili. Ilimbidi alishike goti kwa mikono miwili alikunje, na nilipoinama kumsaidia akanisogeza kwa kiwiko, si kwa hasira.

"Daktari atasubiri," alisema. "Sasa niambie kwa neno moja, Profesa, bila darasa. Zimeenda ngapi?"

Nilikuwa nimekwisha kujumlisha ada za ghala na za kuhamisha pesa. Nikamwambia: dola elfu ishirini, mia saba na themanini.