Kondoo wetu wa Idd walikataliwa kwa sababu ya masikio, na dawa ilikuwa kwa jirani

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii sikuhadithiwa na mtu. Ilinipata mimi mwenyewe, na atakayebisha aje Kajiado nimwonyeshe kondoo.

Mimi niko Kitengela. Nilikuwa dalali wa mawe ya kujenga, nikaacha, nikaingia biashara ya mifugo. Nimezaliwa ndani ya mifugo, kwa hivyo wasiwasi sikuwa nao hata kidogo.

Mteja wangu mkubwa ni Abdirahman. Yeye hupeleka kondoo wa Idd Somalia, Djibouti na ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Mpole sana, lakini kazini hana mchezo.

Oda ya kwanza nilinunua kwa mjomba wangu Saningo na jamaa zake huko Kajiado. Kondoo wamenona, mikia mizito. Nikawaleta kwa zizi langu nikijisifu njia nzima.

Abdirahman hata hakuangalia mkia. Alishika sikio la wa kwanza. Akashika la wa pili. Akaenda hivyo hadi mwisho wa zizi.

"Ndugu yangu, nani amekata hawa masikio?"

Nilicheka. Kwetu kila boma liko na mkato wake, kondoo anakatwa akiwa mdogo, ukimwona unajua ni wa nani. Nilidhani ananisifia!

Kumbe mnyama wa kuchinjwa Idd anatakiwa awe hana kasoro. Sikio likitolewa kipande kikubwa, hafai. Na sisi, wakuu, tunakata kweli kweli.

Nikamwambia basi apeleke nchi isiyo kali hivyo. Akatabasamu.

"Hao ni majirani. Idd yao moja, sheria yao moja, na wanaongea. Bandari moja ikinikataa, zote zimesikia. Moja ikinikubali, zote zimefunguka."

Akanipa msimu mmoja. Nikikosa masikio mazima, anahamia kwingine na mimi narudi kwa mawe.

Wale wa kwanza niliwauza kwa mabucha, nikaenda kwa mjomba siku hiyo hiyo.

"Ero, kijana wangu," akaniambia, "kondoo bila alama ni zawadi ya mwizi." Halafu akatazama boma la Mutua.

Mutua ni Mkamba, amehamia hapo miaka mingi na anafuga pia. Wananywesha mifugo kwa kisima kimoja. Lakini mjomba anaamini Mutua alikula kondoo wake fulani, na Mutua anaamini mjomba alikula mbuzi wake. Salamu ziko, zaidi ya hapo hakuna.

Nikawakalisha wote wawili hapo kisimani. Nikawaambia: nchi nzima nzima zimeelewana, kila moja na bendera yake, na sisi watu wa kisima kimoja tunashindwa?

Mutua alikuwa wa kwanza kukubali. Mjomba alikubali akiwa amenuna. Kondoo wa msimu huo wasikatwe, wapakwe rangi mgongoni: nyekundu za mjomba, bluu za Mutua.

Nilijiona waziri wa mambo ya nje.

Halafu mvua ikanyesha, ile ya kwetu isiyo na adabu, na rangi yote ikaisha. Kondoo wakachanganyikana kisimani. Lori la Abdirahman likiwa limekaribia, mjomba akahesabu jioni akakuta wengine hawapo.

Hakunifokea. Alichukua kisu akaanza kunoa. Asubuhi anakata masikio ya wote waliobaki, na biashara yangu ikatwe nayo. Sikulala vizuri, nasema ukweli.

Kulipokucha, kabla hajamshika hata mmoja, tukasikia mlio wa kondoo langoni. Ni Mutua, anawafukuza mbele yake.

"Saningo, hizi si zangu."

"Umejua aje? Hazina alama."

"Mimi najua zangu."

Mjomba alishusha kile kisu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mguu wa mbuzi aliokuwa ameuhifadhi, akaanza kumkatia Mutua nyama. Kisu kilikuwa kikali ajabu. Machozi yalinitoka na sioni aibu kusema.

Abdirahman alikuja akashika sikio moja moja, akapakia wote, wa mjomba na wa Mutua pamoja. Wamekubaliwa. Oda inayofuata tayari niko nayo.

Nilichojifunza: hawa majirani wa Kiislamu anaowauzia Abdirahman hawajatushinda mifugo wala akili. Wametushinda kuaminiana tu, na hiyo hata sisi tunaiweza. Nasema hivi kwa sababu nimeona kwa macho.

Mwaka huu mjomba hajapaka rangi. Nilimuuliza akipotelewa itakuwaje.

"Mutua anazijua," akasema.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye majirani mliokosana nao, leteni maoni.