Mashine Bado Inaamka

Nikipita karibu na saluni hapa Iringa, ile harufu ya nywele zinazokaushwa kwa drai hunirudisha moja kwa moja kwenye steshenari ya mama, Uyole. Wenzangu wakiinusa wanawaza harusi. Mimi nawaza kompyuta.

Ilikuwa ile aina isiyo na boksi la pembeni; kila kitu kimejificha nyuma ya kioo. Mama aliinunua mtumba, akaivika kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Uzuri ilikuwa nao, lakini uvivu wake, weee! Unaiwasha, unavuka barabara kununua viazi vya kuchemsha, unarudi, unavimaliza, na kile kiduara bado kinazunguka. Wateja wavumilivu walijikunyata kwenye benchi na makoti yao, wakipiga soga. Wenye haraka walihamia duka la jirani, nami nikiwaona wanakwenda nilikaribia kulia, maana duka letu ndilo lililotulisha.

Mteja mmoja hakuhama kamwe. Bibi Tupokigwe, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya soko, alikuja kila Ijumaa kuuliza kama mwanawe aliyeko ng'ambo ametuma picha za wajukuu kwenye barua pepe ya mama. Wakati mashine inajivuta, alitusimulia jinsi mjukuu wake mkubwa alivyorithi masikio ya babu yake. Akiwa bado anacheka, ndipo mama anamwambia, "Leo bado, bibi." Naye anainuka taratibu, anashukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mwanangu. Basi wiki ijayo."

Mama alipochoka kupoteza wateja, alimwita fundi Ambele kutoka Iyunga aje aweke diski mpya ya SSD, zile zinazoiamsha mashine upesi.

"Kazi ni kuifungua," Ambele alionya. "Kioo kimegandishwa kwa gundi. Kikipasuka, mama, hakuna diski itakayotuokoa."

"Haraka haraka haina baraka," Bibi Tupokigwe akaguna kutoka kwenye benchi.

"Na chelewa chelewa, bibi, utamkuta mwana si wako!" mama akamjibu.

Benchi zima likacheka. Bibi naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Baridi ya Juni ilikuwa imeikausha gundi kama ugali wa jana. Mama akaazima drai ya saluni ya jirani, akawa anapitisha upepo wa moto wenye harufu ya saluni pembezoni mwa kioo huku Ambele akifuata na kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Mimi nilikuwa nasali Baba Yetu kimoyomoyo. Mara, kwa! Mama akafumba macho. Kumbe ni gundi tu imeachia. Ambele alichomeka diski mpya, nyepesi hata nikadhani ndani hamna kitu, akarudishia kioo, akahamishia mafaili yetu. Tulipoiwasha, ikawa tayari mama hajavuta hata kigoda. Nilirukaruka kwa furaha!

Ijumaa bibi akaja. Mama akabonyeza, mashine ikafunguka, na papo hapo akasema, "Leo bado, bibi." Bibi hakuwa hata amekaa. Alilitazama benchi, akautazama mlango, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta mama amekigeuzia kioo ukutani, anamimina chai. "Kaa kwanza, bibi. Mashine bado inaamka."

Mimi na kimbelembele changu: "Mama, mbona imeshawaka?"

Nilipigwa jicho ambalo kila mtoto analijua, nikafyata. Lakini nilikasirika kwelikweli. Mashine yetu nzuri, halafu tunaisingizia ugoigoi! Hata wiki ile picha zilipofika kweli, mama alimwacha bibi akae, anywe chai, amalize habari za masikio, ndipo akakigeuza kioo. Bibi alikishika kwa mikono miwili.

Mimi nilidhani shida yetu ilikuwa kusubiri tu. Sikuelewa kwamba "leo bado" ikija haraka sana humkuta mtu amesimama, peke yake.

Bibi Tupokigwe hayupo tena, benchi lipo. Mwezi uliopita nilipita Uyole mbiombio, nichape karatasi moja nigeuze na basi la Iringa. Mama akanitazama, akasogea mbele ya kompyuta.

"Kaa kwanza, mwanangu. Mashine bado inaamka."

Nyuma ya bega lake kioo kilikuwa kinang'aa. Nikavua koti, nikakaa.