Siku Mwalimu Simama Alipocheka

Shuleni walimwita Mwalimu Simama, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha hesabu kwa sheria moja: hakuna kujibu ukiwa umekaa. "Simama nikuone," alikuwa akisema, "sauti bila sura ni ya redio." Wanafunzi walimwiga akiwapa mgongo, naye alijua, na moyoni alifurahi.

Kisha upepo ukaezua paa la madarasa matano, mkuu wa shule akaamua kwamba kwa mwezi mzima masomo yatafanyika kwa simu, kila mtu akiwa kwao. Mwalimu Simama na simu walikuwa paka na panya. Mkewe ndiye aliyemwelekeza pa kubonyeza ili aonekane na pa kubonyeza ili asikike, akamwambia pia hana haja ya kupiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Siku ya nne akajiona ameiva. Alikaa mezani, simu imeegemea kopo la sukari, juu shati limenyooshwa kwa pasi, chini bukta.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na vijisanduku thelathini na viwili, vingi vyeusi, vimeandikwa majina tu. Hilo lilimkera. Akauliza swali la sehemu, sauti moja ikajibu bila kukosea. Alikuwa Nukta, binti mdogo wa umbo aliyepewa jina hilo kwa sababu akishasema la maana hunyamaza. Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa umebakiza wiki tatu, na katika darasa zima ni Nukta ambaye mwalimu alikuwa na hakika atafaulu.

"Nukta, washa kamera. Simama nikuone."

"Mwalimu, naomba nijibu hivihivi."

"Kwani umejificha? Wewe mwizi? Simama!"

Binti, vipokea sauti masikioni ili mama yake asisikie darasa, akawasha kamera, akasimama. Simu aliyokuwa ameiegemeza kwenye bomba ikateleza na kugeuka, ikaonyesha alichokuwa akikificha: safu ya milango ya vyoo, ndoo mbili, na mama mmoja aliyeinama akisugua sakafu. Vilikuwa vyoo vya stendi ya mabasi. Mama yake alifanya kazi pale, na intaneti ya bure ya ofisi ya tiketi ilipenya ukutani.

"Mwalimu, harufu imefika mpaka huku!" mmoja akapayuka, na darasa zima likaangua kicheko. Hapa ningependa kuruka, lakini haifai. Mwalimu Simama naye alicheka. Hakikuwa kicheko kirefu, kilimponyoka tu, kama kinavyomponyoka mtu anapoona mwenzake akiteleza kwenye tope. Lakini kila mtu alikisikia. Kijisanduku cha Nukta kikazimika.

Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. "Umecheka na wewe?"

"Nimeshtuka tu."

"Baba watoto, nimekusikia." Akaenda kuanika nguo zake.

Kesho yake Nukta hakuingia darasani, wala keshokutwa. Mwalimu akamwandikia ujumbe. Ulisomwa, jibu halikuja. Akaanza kuwagombeza waliocheka, tena kwa ukali, na katikati ya kugomba akajikumbuka. Akafungua ukurasa wa desimali. Ana wajukuu, ana mvi, na alikuwa anaona haya hata kujitazama kwenye kioo akinyoa ndevu.

Siku ya tano tangu kicheko kile, akaenda stendi. Njiani aliyapanga maneno yake ya kuomba radhi, akayarudia mpaka yakakaa. Mama wa Nukta alikuwa kwenye benchi mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Wanaume kushoto, angalia kumelowa."

"Marahaba," akasema, na maneno yote yakayeyuka. Akaenda kushoto. Mtu mzima, hana haja ndogo wala kubwa, alisimama mle ndani akisoma kibandiko kinachoomba watu wavute maji. Akavuta maji bure tu, akanawa, akatoka.

"Mama, mimi ni mwalimu wa binti yako."

Mama akainuka, akafuta mikono kwenye aproni. "Wewe ndiye Mwalimu Simama? Jamani! Haipiti siku hajakutaja. Ameniambia masomo yamesimama, eti mitambo imeharibika. Yanarudi lini, mwalimu? Si mtihani umekaribia?"

Ndipo mwalimu alipoelewa. Binti hakusema kitu nyumbani. Aliyameza yote peke yake, mama asije akajua kwamba watoto thelathini na mtu mzima mmoja walimcheka akiwa ameinama kazini. Ile radhi aliyokuja nayo haikuwa na pa kuwekwa. Kuitamka ilikuwa ni kumcheka mama mara ya pili, tena mbele ya uso wake.

"Yanarudi kesho, mama," akasema. "Mitambo imetengenezwa."

Nukta akatokea na ndoo ya maji. Alipomwona mwalimu alisimama, lakini hakumtazama yeye. Alimtazama mama yake usoni, apime kama ameshaambiwa. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke.

"Mitambo imepona, mwanangu!" mama akasema kwa furaha. "Haya, msindikize mwalimu wako."

Wakatembea mpaka getini.

"Nimekukosea," mwalimu akasema. "Kicheko kile kilikuwa cha aibu yangu, si yako. Nisamehe."

"Hukumwambia mama?"

"Sikumwambia."

Binti akashusha pumzi. "Kesho nitaingia, Mwalimu. Mtihani nitaufanya." Kisha akasema, kwa adabu yake ileile ya darasani, "Ila naomba usije tena hapa."

Mwalimu akasema hatakuja.