Kilo za Desi

Leo nimeona marehemu mutoto wangu akifungwa mukanda wa gari.

Mi sijasoma. Nasema, simu inaandika. Mutanisamehe.

Ile gari ya zamani ya mbio, ya Desi wangu, imelala tangu tumuzike. Sasa binti yake, Divine, anataka kuiendesha. Nikaipeleka Kamenge kwa fundi Hamisi aiwekee amortiseri mpya za nyuma, zile zinazuia gari kurukaruka, zimevaa resori, springi ya chuma, unazungusha pete gari inapanda ama inashuka.

Akazifunga. Akasema kimo cha gari kinapimwa watu wakiwa ndani.

"Mama, kaa nyuma, pale unakaaga. Dereva ana kilo ngapi?"

Nikajibu palepale: "Karibu themanini."

Akaazima mifuko mitatu ya muchele, ya kilo ishirini na tano, kwenye duka la jirani, akaipanga kwenye kiti cha dereva, akaifunga mukanda. Mufuko wa juu ukaegemea mulango. Desi alikuwa anakaa vile vile.

Nikasikia mudomo wangu unasema: "Polepole, Desi."

Hamisi akachungulia. "Desi ni nani?"

"Dereva." Halafu nikasema: "Alikufa."

Hakucheka. Akaniuliza taratibu: "Na yule ataiendesha kweli sasa, ana kilo ngapi?"

Divine ni mwembamba, kila siku namugombeza ale.

Nikamwambia toa mufuko mumoja.

Alipoutoa, gari ikapanda kidogo, vile ilikuwa inapanda Desi akishuka mbele ya nyumba.

Nani mwingine anajua bado kilo za mutu wake? Niandikieni. Divine atanisomea.