Sufuria ya Nyama na Sufuria ya Maziwa

Mwaka nilipohamia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni, nilipangiwa chumba kimoja na dada kutoka vilima vya Mbale, Uganda. Sote wawili tulikuwa tukisafisha vyumba vya hoteli. Siku ya kwanza alinionyesha sufuria zake mbili, ya nyama na ya maziwa, akaniomba kwa upole nisizichanganye. Nilipomuuliza sababu, aliniambia yeye ni Myahudi, kama babu yake aliyemlea.

Mimi ni Muislamu wa Tanga. Myahudi wa Kiafrika sikuwahi kukutana naye, kwa hiyo nilimsumbua kwa maswali. Nyama na maziwa vikikutana tumboni, vinadhuru? Alicheka. Alisema wako wanaodai ni afya, na wako wanaosema ni huruma, mtu asimpike mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Babu yake alikuwa na jibu jingine.

"Alisema amri ya kutoiba hata mtu asiye na dini anaielewa. Hii ya sufuria tunaifuata kwa sababu aliyetuomba tunampenda."

Sikuridhika. Nilimwambia mtu mzima anastahili kupewa sababu. Akaniuliza, bila kejeli, kwa nini alfajiri naswali rakaa mbili na adhuhuri nne. Nikaendelea kupiga pasi sare yangu.

Haikuwa rahisi kwake huku. Nyama ya dukani haikuchinjwa na mtu wa dini yake, na jambo hilo lilimkera. Alisema atashika anachoweza kushika. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa miwili ya Sabato kando ya dirisha, nami nilizima redio bila kuambiwa.

Kisha akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza hata kuinama, ikawa mimi ndiye mpishi. Nilichemsha supu ya mbuzi katika sufuria yake ya nyama, nikakoroga kwa mwiko wake wa nyama. Alipomaliza bakuli, akiwa bado amelewa dawa, aliomba chai ya maziwa. Nikampa ya rangi, yenye tangawizi. Akaionja, akakunja uso.

"Dada, maziwa yameisha?"

"Yapo. Umetoka kula nyama."

Akaanza kucheka huku ameshika mshono, akinisihi nisimchekeshe. Akaniuliza kama sasa nimeielewa ile sababu.

"Sijaielewa," nikamwambia. "Ila wewe ungeamka kesho ukasikitika, na mimi sitaki usikitike."

Alinivuta mkono, akanikalisha kitandani kwake, tukanywa ile chai kutoka kikombe kimoja mpaka akasinzia begani kwangu.

Siku hizi anafanya kazi kwa familia moja kule mtaa wa Muaither. Akija kunitembelea hupika yeye, nami hukatazwa kugusa chochote jikoni isipokuwa vitunguu.