Msimamizi wa Mabani

Marsiana wa Ulyankulu alipoomba kazi ya kusimamia mabani ya kukaushia tumbaku, alibana barua yake kwa pini pamoja na jani moja la tumbaku, manjano safi, halina hata doa. Kwake hicho ndicho kilikuwa cheti. Tangu aache shule darasa la nne alikuwa amejenga mabani kumi na tisa. Mume alimwacha kwa sababu ya kushinda juu ya mapaa ya watu, kisha akarudi mwenyewe, mpole, siku alipotaka kujengewa bani.

Mwenyekiti wa chama cha wakulima, mzee Modest, aliligeuza lile jani huku na huku.

"Muhuri uko wapi, mama?"

"Linuse, mwenyekiti."

"Chama hakinusi. Chama kinasoma."

Kazi akapewa Leodgar, kijana mwenye digrii ya uhandisi na kofia ngumu ambayo hakuivua hata msibani. Watu wakamwita Inginia, wakamwekea kiti chenye mto. Bani lake la kwanza alilijenga kwa mwenyekiti. Alipima upepo saa sita mchana, wakati hata vumbi limelala, akaandika: upepo hakuna. Bomba la moshi akalielekeza mbugani. Marsiana alipita akasema jioni upepo hutoka huko huko mbugani. Akaambiwa asimvuruge mtaalamu.

Jioni upepo ukaja, kama unavyokuja kila siku. Moshi ukarudi ndani. Tumbaku ikatoka inanuka kama samaki wa kubanika, na mnunuzi akaikataa bila hata kushuka kwenye pikipiki.

Mzigo wa pili wa Modest ulikuwa umeshachumwa, umefungwa kwenye fito, na jani lililochumwa halisubiri kikao. Akamwita Marsiana. Akaja, akalizunguka bani mara moja, akakaa juu ya rundo la kuni.

"Msaidie Inginia, mama."

"Kazi niliyoomba ipo?"

"Ina mtu."

"Basi huyo mtu awashe moto."

Leodgar, aliyekuwa amesimama mlangoni pa bani, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Mimi nilitaka kuuza viatu. Fomu ya chuo alijaza baba."

"Marahaba. Na mitihani alifanya baba?"

"Nilifanya mimi. Nilikariri."

Modest akaandika barua juu ya goti lake: Marsiana, Msaidizi wa Inginia. Marsiana akaisoma taratibu, neno kwa neno, akairudisha. Hakuinuka.

"Majani yanaanza kuwa meusi, mama!"

"Nayaona."

"Sasa niandike nini?"

"Nilichoomba."

"Na Inginia atakuwa nani?"

Marsiana akamtazama kijana kuanzia viatu kwenda juu. "Tofali anaweza kubeba?"

Modest akaikung'uta kalamu, akasema imeisha wino.

Leodgar akampa ya kwake.